Dawati Likikaliwa

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, mpiga msasa wa kiwanda cha madawati aliketi kwenye dawati la kwanza la wiki hiyo, akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa aproni yake, akaandika jedwali la saba. Aliandika kuanzia saba mara moja hadi saba mara kumi huku akikandamiza mkono. Mwandiko ukitetemeka, basi mguu mmoja ni mfupi, na fundi seremala huitwa aje na randa. Mwandiko ukitulia, yeye hufuta chaki kwa kitambaa, hupitisha msasa laini kwa mara ya mwisho, kisha hulisukuma dawati kwa mwenzake wa kupaka vanishi. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na minane. Jedwali la saba ndilo pekee lililomkaa kichwani tangu darasa la nne, na lilimkaa pamoja na kasoro yake: saba mara nane aliandika hamsini na nne. Hakuna aliyewahi kumsahihisha, kwa kuwa chaki ilifutwa kabla mtu hajasoma.

Kiwandani wote walimwita Bibi, hata meneja aliyemzidi umri kwa mwaka mmoja. Huyo mwenzake wa vanishi walimwita Mng'aro, kwa sababu hata kope zake zilikuwa na vanishi. Wawili hao walifanya kazi wakiwa wamepeana migongo, na ili mikono isilale walitegeana vitendawili.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Tega."

"Ana miguu minne, amesoma kunishinda, na hajawahi kutoka nje."

Mng'aro alichovya brashi. "Hicho si kitendawili, Bibi. Hizo ni habari. Hata mtunza ghala anazijua."

Na kweli mtunza ghala alizijua, maana ndiye aliyekuwa akipata taabu. Ghalani kulikuwa na madawati elfu nne mia mbili na sitini, yamepangwa juu kwa juu hadi kwenye mabati. Yalianza kutengenezwa miaka mitatu nyuma kwa agizo la ofisi ya elimu. Yalipokuwa tayari, ofisa aliyeyaagiza alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake alitafuta faili akaikosa. Bila faili hakuna agizo, na bila agizo hakuna mnunuzi. Kiwanda hakikusimama, hata hivyo. Kila baada ya miezi mitatu alikuja karani wa takwimu na kitabu chake kirefu, akahesabu kilichomo ghalani, na alichokihesabu kikaingia kwenye pato la taifa sawasawa na kilichouzwa. Redio ikatangaza kwamba uchumi umekua, benki ikasikia redio, meneja akaongezewa mkopo, na madawati arobaini mengine yakatengenezwa wiki iliyofuata.

Ghala na shule ya msingi vilikuwa na ukuta mmoja, wa tofali moja, usiopigwa plasta. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipokuwa darasa la saba. Mwaka wa kwanza madawati yalisikiliza tu. Mwaka wa pili mtunza ghala alianza kukuta hesabu zimeandikwa juu ya yale ya safu ya juu, ingawa ufunguo ulikuwa shingoni mwake usiku na mchana. Alifuta, akanung'unika kuhusu vumbi la chaki, akaomba kifua chake kifikiriwe. Mwaka wa tatu safu zote za ukutani zilikuwa zinasoma kwa sauti. Zile za mlangoni zilibaki nyuma kwa sababu hazikumsikia mwalimu vizuri, kwa hiyo kila Ijumaa mtunza ghala alizihamisha, za mlangoni zikaenda ukutani na za ukutani zikaja mlangoni, ili mtu asionewe. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa mtu wa haki.

Upande wa shule, wanafunzi sitini na mmoja wa darasa la saba walikaa sakafuni. Madaftari waliyaweka magotini, na aliyeandika mstari mrefu alimgonga mwenzake mbavuni kwa kiwiko. Shule ilikuwa na madawati manne tu, nayo yalikuwa ofisini kwa walimu, yamebeba birika na madaftari. Miongoni mwa hao sitini na mmoja alikuwamo mjukuu wa Bibi, msichana waliyemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mwaka uliotangulia aliugua surua wiki ya mtihani, akaukosa. Kanuni ilikuwa kwamba anayekosa mara mbili hafanyi tena, na njia ya sekondari inafungwa hapo.

"Bibi," Sindano alisema jioni moja wakichambua mchele, "madawati yako yanatuharibia."

"Yamefanya nini tena?"

"Mwalimu akiuliza saba mara nane, yanatuwahi kujibu ukutani. Hamsini na nne. Nusu ya darasa inaitikia hivyo hivyo."

"Kwani ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Mimi nimelijua jedwali hilo kabla mama yako hajaota meno."

"Ndiyo maana limezeeka."

Bibi alimrushia pumba za mchele, wakacheka. Lakini kesho yake aliandika hamsini na sita kwenye madawati matatu ya kwanza. Kwenye la nne mkono ulirudi wenyewe kwenye hamsini na nne, na akauacha.

Wiki sita kabla ya mtihani mwalimu mkuu alisoma barua kwenye paredi ya asubuhi. Ilitoka ofisi ya mitihani. Ilisema kwamba ili kulinda hadhi ya mtihani wa taifa, kila karatasi itawekwa juu ya dawati la mbao lenye kiti, egemeo na vanishi. Pasipo na dawati hapatawekwa karatasi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaikunja, akawaambia wanafunzi wawaambie wazazi.

Bibi aliipokea habari hiyo bila wasiwasi. Madawati yote yale yalikuwa yamepita chini ya kiganja chake. Aliona ni suala la kuomba moja.

Meneja alimkaribisha kiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kila habari mbaya. Alikohoa.

"Bibi yangu, wewe ni wa nyumbani. Ningekuwa na uwezo ningekupa hata kumi."

"Mimi nataka moja, bosi. Na nitalirudisha."

"Zabuni ilikuwa ya madawati mia tano mia tano. Karatasi ya kutolea ghalani ni ya mia tano. Karatasi ya dawati moja hatuna."

"Mchapishe."

"Tukichapisha ya moja, kila mtu atakuja kutaka moja." Alikohoa tena. "Halafu hesabu si yangu. Ni ya karani wa takwimu. Muulize yeye, anakuja Alhamisi."

Karani wa takwimu alifika Alhamisi saa nne, shati limenyooka. Alikuwa na kalamu mbili, ya buluu kwa bidhaa zilizouzwa na ya kijani kwa ambazo hazijauzwa. Ya buluu ilikuwa imekauka wino. Bibi alimngoja amalize safu ya mwisho, akampa maji ya kunywa, kisha akamweleza shida yake kuanzia surua hadi barua.

"Nimekuelewa, mama," alisema karani. "Lakini hayo madawati yameshanunuliwa."

"Lini? Mimi nayaona hapa kila siku."

"Kwenye kitabu changu hakuna kitu ambacho hakijanunuliwa. Kilichokosa mnunuzi huandikwa kwamba mwenye kiwanda amekinunua mwenyewe, amejiwekea."

"Kumbe."

"Ndivyo inavyofanyika kila mahali."

"Basi nimeshapata wa kumwomba. Mtu aliyenunua madawati elfu nne hakosi moja la kumwazima mtoto."

Karani aliangalia huku na huku, akainamisha kichwa. "Tatizo hajui kwamba ameyanunua. Na akijua atataka kuyarudisha."

Bibi alimjazia maji tena. "Nikilinunua mimi je? Kwa kukatwa kidogo kidogo."

"Ukilinunua leo, upande huu naandika moja limeuzwa. Upande huu natoa moja ghalani. Moja toa moja." Alimwonyesha kwa kalamu. "Lilishahesabiwa siku vanishi ilipokauka. Halihesabiwi mara mbili. Kwa hiyo kuuzwa kwake hakuongezi kitu. Ndiyo maana huoni mtu anahangaika kuyauza."

"Na mtoto?"

Karani alipekua kitabu chake mbele na nyuma. Hakuwa mtu mbaya, alipekua kweli kweli. "Mtoto hana safu," alisema.

"Basi aje akalie humu humu ghalani. Saa tatu tu. Halitoki, halipungui."

"Likikaliwa si jipya tena, mama. Linakuwa la mtumba. La mtumba nalitoa kwenye kijani."

"Mbona mimi nayakalia yote?"

"Wewe unakalia kabla ya vanishi. Kabla ya vanishi hizo ni mbao."

Bibi akauliza kama Sindano anaweza kukalia mbao, na karani akasema kwa upande wake hana neno. Lakini barua ya mtihani ilitaka vanishi. Walibaki wakitazamana, kila mmoja akiwa na kanuni yake mkononi. Karani akashukuru kwa maji, akaondoka.

Bibi alirudi kwenye benchi lake akapiga msasa kwa nguvu hadi ubao mmoja ukawa mwembamba kama kaki na ikabidi utupwe. Mng'aro aliuokota.

"Bibi, huu umeutupa?"

"Si unauona."

"Karani ameuhesabu?"

"Takataka hahesabu."

Mng'aro aliuweka pembeni. Fundi seremala, mtu wa maneno machache, aliona, akaleta kipande cha mguu chenye kifundo, kisha cha pili. Kwa wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, walikusanya mabaki. Kiti kilitoka kwenye mbao iliyokuwa imepinda, egemeo kwenye mlango wa kabati bovu. Fundi aliunga, Bibi akapiga msasa, Mng'aro akakwangua makopo ya vanishi yaliyokwisha. Bibi aliandika jedwali la saba juu yake, mwandiko ukatulia. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa dawati, na hakuna aliyeliagiza wala kulilipia.

Jumamosi mchana vanishi ilikauka. Ilipokauka, ubavuni pa dawati ilitokeza namba, rangi ya mbao iliyoungua, kama ilivyo kwenye madawati yote ya kiwanda. Elfu nne mia tatu na kumi na saba. Fundi alichukua randa akaifuta. Walikunywa chai. Waliporudi namba ilikuwa pale pale, imeingia ndani zaidi kidogo. Fundi akafuta tena, ikarudi, na akaona akiendelea ubavu utakwisha.

Walilibeba hivyo hivyo hadi getini. Mlinzi alisoma namba, akafungua orodha yake, akashuka kwa kidole hadi chini kabisa. Ilikuwamo.

"Bibi, ungeniambia hizi ni kuni ningekupisha," alisema. "Lakini kuni hazina namba."

"Kijana wangu, hizi ni takataka. Wewe mwenyewe ulituona tukiokota."

"Niliwaona. Shikamoo, Bibi, lakini rudisheni."

Walilirudisha. Mtunza ghala alilipangia nafasi ukutani, kwa kuwa lilikuwa halijasoma chochote na mtihani ulikuwa karibu. Alisema litahitaji kukazana.

Zikiwa zimebaki siku tisa, mwalimu mkuu alikuja kiwandani mwenyewe, akiwa amevaa tai. Alikuwa amepata wazo. Kama madawati hayawezi kwenda kwenye chumba cha mtihani, ghala liandikishwe kuwa chumba cha mtihani. Alikuwa ameshaandika barua na ofisi ya mitihani imekubali. Meneja alikohoa, akasema hana pingamizi, bora tu madawati yasikaliwe, yasiegemewe, na mtu asiweke kiwiko. Alibandika vibao: BIDHAA MPYA. USIKALIE.

"Sasa wataandika vipi?" Bibi aliuliza.

"Tulivuke daraja tukilifikia, Bibi," alisema mwalimu mkuu, na alionekana amechoka.

Siku ya mtihani mtunza ghala alipanga madawati sitini na moja mbele, kwa safu, umbali wa hatua mbili mbili. Bibi alikuwa ameyapitisha kitambaa tangu alfajiri. Aliomba lile la mabaki liwekwe safu ya kwanza, naye mtunza ghala akamkubalia, ingawa alionya kwamba bado ni dhaifu kwenye sarufi. Wanafunzi waliingia wakiwa wameoga, kalamu mikononi, wakasimama kila mmoja kando ya dawati lake. Sindano alisimama kando ya elfu nne mia tatu na kumi na saba.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mwanamke mwenye rula. Alipima viti, akapima maegemeo, akagusa vanishi kwa kidole, akaridhika. Alipokata bahasha aliwatazama wanafunzi.

"Hawa mbona wamesimama?"

"Hawaruhusiwi kukaa," alisema mwalimu mkuu.

"Kusimama wakati wa kuandika ni kosa."

"Ndiyo, mama msimamizi. Tulikuwa tunaomba…"

Msimamizi alifungua kanuni, akasoma kimya, midomo ikitembea. "Hapa inasema karatasi iwekwe juu ya dawati. Haisemi chochote kuhusu mtu." Alitembea kati ya safu akiweka karatasi moja juu ya kila dawati, na penseli moja. Kwenye nafasi ya namba ya mtahiniwa aliandika namba iliyokuwa ubavuni, maana ndiyo namba aliyoiona.

Saa tatu kamili madawati yalianza kuandika.

Wanafunzi waliweka mikono nyuma, kama msimamizi alivyowaagiza, wakasimama wakitazama. Sindano aliona kila swali na kila jibu. Mengi dawati lake lilijibu vizuri, taratibu, kwa mwandiko unaofanana na wa Bibi. Kwenye swali la tisa liliulizwa saba mara nane. Penseli iliandika tano, ikasita.

"Sita," alinong'ona Sindano.

Msimamizi aligonga rula. "Wewe. Usimsemeshe mtahiniwa."

Penseli iligusa karatasi, ikanyanyuka. Halafu ikaandika nne.

Bibi alikuwa mlangoni na kitambaa chake. Aliona mabega ya mjukuu wake yakishuka, kisha yakinyanyuka tena, kwa kuwa zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu za kusimama. Wawili walizimia kabla ya saa sita. Walipepewa nje, na karatasi zao zikaendelea.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Madawati yote sitini na moja yalifaulu. Shule ikawa ya kwanza wilayani, na mwalimu mkuu akapewa saa ya ukutani. Kwenye swali la tisa yote yalikuwa yametoa jibu moja. Wasahihishaji walikaa kikao, wakaona kwamba shule bora wilayani haiwezi kukosea kwa pamoja, wakaliwekea jibu hilo alama ya vema. Bibi aliposikia hilo hakula chakula cha mchana.

Barua za kujiunga na sekondari zililetwa ghalani, kila moja na namba yake. Mtunza ghala alizigawa, akaziweka juu ya kila dawati, akaweka jiwe dogo zisipeperuke. Muda wa kuripoti ulifika, ukapita. Madawati hayakwenda. Yalikuwa yameshahesabiwa pale.

Kwenye orodha ya darasa la saba, mbele ya majina sitini na moja ya wanafunzi, iliandikwa: hakufika. Kwa Sindano iliandikwa mara ya pili.

Bibi alivaa khanga yake nzuri, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, zile nafasi za sekondari zimekaa bure. Nipe moja ya mjukuu wangu."

"Zimejaa, Bibi."

"Zimejaa nani?"

"Waliofaulu."

"Waliofaulu wako ghalani. Nimewafuta vumbi asubuhi hii."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Saa mpya ya ukutani ilikuwa ikienda juu ya kichwa chake. "Bibi yangu, mimi nimepeleka majina yote ofisi ya mitihani. Nimesema watoto walikuwepo, walisimama. Wakaniuliza, ulishasikia wapi mtu anafanya mtihani kwa kusimama? Wakaniambia taarifa ya nafasi imeshapelekwa juu. Nafasi sitini na moja, zimejazwa sitini na moja. Ikirekebishwa, wilaya inashuka."

"Na isiporekebishwa?"

Mwalimu mkuu alivaa miwani tena. Alimwitia chai, na Bibi akainywa, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa.

Alirudi nyumbani akamkuta Sindano ameketi mlangoni, daftari gotini. Alikuwa akimfundisha binti wa jirani kugawanya kwa tarakimu mbili. Bibi alisimama kando yao. Sindano alimtazama usoni, akarudi kwenye daftari.

"Halafu unashusha hii," alimwambia binti wa jirani. "Si hiyo. Hii."

Robo ya mwaka iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko zote. Redio ilisema uzalishaji umepanda na ufaulu umepanda, na benki ikasikia. Meneja alitangaza kwamba kiwanda kitatengeneza madawati themanini kwa wiki. Fundi aliongezewa misumeno. Bibi aliambiwa atafute msaidizi, na kwa kuwa Sindano hakuwa na shule ya kwenda, alianza kuja naye, aproni ikimzunguka mara mbili. Alijifunza msasa kwa siku moja. Siku ya pili Mng'aro alimtegea kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba imejaa viti, mwenye nyumba amesimama."

Sindano alipuliza vumbi kwenye mbao. "Kaka Mng'aro, mimi nataka kimoja ambacho sijakiona kwa macho."

"Nipe mji basi."

"Mji huna haja nao. Ukipewa utauweka ghalani."

Mng'aro alicheka mpaka brashi ikamdondoka. Bibi hakucheka. Alikuwa akisikiliza ghala. Madawati mapya yalikuwa yameanza jedwali la saba, na ya zamani yalikuwa yanayasahihisha kila yalipokosea, kwa kuwa hamsini na nne sasa lilikuwa jibu rasmi.

Mwezi wa tatu ghala lilijaa hadi mlango ukakataa kufunga. Meneja alitembea huku na huku akitafuta nafasi, akapima kwa hatua, akasimama kwenye ukuta. Upande wa pili kulikuwa na chumba kikubwa, kikavu, kisicho na samani hata moja. Aliongea na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa anahitaji mabati ya vyoo, na meneja alikuwa na mabati. Wakakubaliana. Darasa la saba jipya, lenye wanafunzi hamsini na wanane, lilihamishiwa uwanjani kwa kiwanda, kwenye banda la kukaushia mbao, ambako maranda yalikuwa laini kukalia kuliko sakafu. Walimu walisema ni afadhali.

Siku ya kuhama wafanyakazi wote walibeba. Mtunza ghala alisimama katikati akielekeza, ya ukutani yapelekwe mbele karibu na ubao, kwa kuwa ndiyo yaliyosoma zaidi. Fundi alibeba manne manne. Bibi alitembea nyuma na kitambaa, akifuta alama za vidole. Mlango wa darasa ulikuwa na tabia ya kujirudisha, na misumari yake ingekwaruza vanishi, kwa hiyo Sindano aliambiwa aushike. Aliushika kwa mgongo kuanzia saa mbili hadi saa kumi, na madawati mia tatu yakapita mbele yake yakaingia. Lile la mabaki nalo lilipita. Lilikuwa na barua yake juu, na jiwe.

Kutoka uwanjani wanafunzi walikuwa wakisoma kwa pamoja, sauti zikija na upepo. Darasani yaliyotangulia kupangwa yalikuwa yakiitikia.

Saa tisa akaja ofisa wa elimu, yule mpya aliyekosa faili, kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Alisimama mlangoni, akahesabu safu kwa kidole, akazidisha, akaandika. Mwaka uliopita kwenye chumba hicho alikuwa ameandika sifuri.

"Nani ameyapiga msasa?" aliuliza. "Kazi nzuri hii. Laini."

Mwalimu mkuu alimwonyesha Bibi. Ofisa alifunga daftari, akampa mkono.

"Hongera sana, Bibi. Hatimaye darasa la saba limepata madawati."

"Limepata," alisema Bibi.

Mtunza ghala aliingiza la mwisho, akalisukuma hadi likashika mstari, akatoka nje na kuvua ufunguo shingoni. Bibi alimgusa mjukuu wake begani. Sindano alijibandua kutoka kwenye mlango, akauachia, ukajifunga.